Shajara ya mradi: kuwafikisha chuo vijana wenye ulemavu wa Dodoma, 2024

Aprili 6, 2024. Kuwapata vijana

Sisi ni walimu wachache wa elimu maalumu, vijana waliohitimu vyuo, na mzee mmoja asiyeona aliyesoma Buigiri, ile shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950 huko Chamwino. Tunataka kila kijana mwenye ulemavu wa mkoa wetu anayemaliza shule mwaka huu akiwa na sifa aingie chuo. Kila hatua ikikamilika tutaandika hapa, pamoja na fedha iliyotumika, ili wenzetu wa Singida, Manyara au kokote waige, na pale tulipokwama wao wapite.

Hatua ya kwanza imetusumbua. Tuliwaandikia barua wakuu wa shule za sekondari mkoani kuomba majina. Majibu yalikuja machache, na mengi yalisema hawana mwanafunzi wa aina hiyo. Mzee wetu ndiye aliyetufumbua. Mtoto asiyeona wa Kondoa huenda hasomi Kondoa wala Dodoma kabisa. Anapelekwa kwenye shule yenye kitengo cha wasioona, mashine za nukta nundu (Braille) na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, hata ikiwa Tabora au Kilimanjaro. Shule za hapa haziwezi kutuambia habari zake. Anayejua alipo ni mama yake.

Basi tukageuza njia. Viongozi wa Chama cha Wasioona, CHAVITA upande wa viziwi, na chama cha watu wenye ualbino wana mtandao hadi vijijini, tukaanza kuwapigia. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri nao wakatuunganisha na watendaji wa vijiji. Tumepata vijana tisa: watatu wasioona, wawili wenye ualbino na uoni hafifu, watatu wenye ulemavu wa viungo, na mmoja kiziwi wa Bahi aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani tangu hapo. Hatuamini kwamba ndio wote waliopo mkoani, ila ndio tuliowafikia.

Gharama: barua na bahasha 38,000, vocha za simu 25,000. Mwakani barua hatuandiki.

Aprili 27, 2024. Vyeti vya kuzaliwa

Mvua imechelewesha safari za Chemba. Bodaboda zilikataa kuvuka mito, na hatukuwalaumu.

Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu lazima cheti chake cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na namba ya uhakiki ndiyo inayoingizwa kwenye fomu. Kazi hii haihitaji kusubiri mtihani wala matokeo, kwa hiyo tumeianza sasa. Uhakiki ni shilingi 3,000 kwa cheti.

Wengi wamepita bila shida. Wawili majina yao hayalingani: cheti kina jina la ukoo la babu, sajili ya mtihani ina jina la baba. Kwa familia zetu za Kigogo jambo hili ni la kawaida, mtoto anaandikishwa shule na mjomba aliyekuwa karibu siku hiyo. Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili, akieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kiapo hicho kinaambatanishwa kila mahali cheti kinapokwenda. Mawakili wa mjini walitutajia bei za kila namna. Mmoja alipoelezwa ni kwa ajili ya nani alikubali 20,000 kwa kiapo.

Gharama: uhakiki 27,000, viapo 40,000, nauli 54,000.

Juni 8, 2024. Fomu ya daktari, na kambi ya Ruvu

Hatua hii ndiyo inayowaangusha vijana wengi, kwa hiyo tunaieleza kwa kirefu.

Bodi ya Mikopo inawapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu, lakini ulemavu huo lazima uthibitishwe kwa fomu iliyosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Saini ya daktari wa zahanati haitoshi. Saini ya muuguzi wa kliniki ya macho haitoshi, hata kama ndiye aliyemhudumia mtoto tangu akiwa na miaka mitatu. Katika halmashauri moja kijana wetu asiyeona alifika na baba yake asubuhi, wakakaa kwenye benchi mpaka saa tisa, wakaambiwa mganga mkuu yuko kwenye kikao, waje kesho. Kesho yake wakaambiwa yuko safarini. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ilikuwa shilingi 16,000 kila mara, na baba yule anauza karanga.

Ongeza na kalenda. Mtihani wa kidato cha sita unaisha mwishoni mwa Mei, na mwanzoni mwa Juni wahitimu walioitwa na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria wanaripoti kambini. Wenye ulemavu unaoonekana kwa macho huelekezwa kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwapokea. Wawili wetu waliitwa huko. Kati ya kufunga begi la shule na kufunga begi la kambi palikuwa na siku za kuhesabu, na ndani ya siku hizo fomu ilipaswa kupata muhuri.

Kilichotusaidia ni afisa ustawi wa jamii. Alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa wilaya, akamweleza, akamwomba siku moja ya kuwaona vijana wote wa wilaya hiyo pamoja. Mganga akakubali, akapanga Jumatano, akamwita na mtaalamu wa macho akae chumba cha jirani. Kufikia saa sita mchana fomu zote za siku hiyo zilikuwa na saini na muhuri. Tulipokwenda wilaya nyingine tukiwa na habari hiyo mkononi, nao walikubali kufanya hivyo hivyo. Ombi lililotoka kwa mtumishi mwenzao lilipokelewa tofauti kabisa na la mzazi aliyebisha hodi peke yake. Inauma kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa, na atakayeiga kazi hii aanzie kwa afisa ustawi.

Kijana wa Bahi alihitaji kipimo cha usikivu, na kifaa hakikuwepo wilayani. Tulimleta hospitali ya rufaa mjini, 40,000.

Kongwa tulijifunza jambo ambalo hata walimu wetu hawakulifahamu. Tulifika nyumbani kwa binti mwenye ualbino, tukasalimia "Mbukwenyi", tukakaribishwa kivulini. Mama yake alikuja akipapasa ukuta. Alipofuka kwa vikope, ugonjwa uliowala macho watu wengi wa Kongwa kwa vizazi. Mwalimu mwenzetu akamuuliza, "Mama, na wewe umewahi kupimwa na daktari wa wilaya?" Akacheka, akasema yeye hasomi, apimwe ya nini. Kumbe Bodi inaangalia pia ulemavu wa mzazi, na una fomu yake. Mama na binti wakaenda pamoja Jumatano iliyofuata. Tangu hapo, kila nyumba tunauliza habari za wazazi kabla ya kuondoka.

Gharama: nauli na chakula cha siku za daktari 186,000, kipimo 40,000.

Juni 29, 2024. Kutembelea vyuo kabla ya kuchagua

Kijana anachagua chuo kwa jina, kisha anafika na kukuta ngazi. Tumekataa utaratibu huo. Tulikodi Noah, tukatembelea vyuo kadhaa vya hapa mjini na Morogoro, tukiwa na fimbo nyeupe, kiti mwendo na futi ya fundi. Majina ya vyuo hatuyaandiki kwa sababu tunataka milango ibaki wazi kwa vijana watakaofuata.

Binti wetu wa Mpwapwa anayetumia kiti mwendo ndiye aliyeongoza. Katika chuo alichokipenda, mteremko wa zege unaoingia kwenye jengo la mihadhara ni mzuri kuutazama, ila unapoishia juu kuna kidato cha urefu wa kiganja, na gurudumu dogo la mbele linagota hapo. Alijaribu kwa kurudi kinyumenyume, akavuka. Bwenini, chumba cha chini kilikuwa sawa. Mlango wa choo ndio uliomkwamisha: upana wa kupita sentimita 66, kiti chake sentimita 68. Alinyamaza, akauliza kama anaweza kuacha kiti nje na kutambaa. Hakuna aliyemjibu haraka. Kisha fundi aliyekuwa nasi akapiga magoti, akaonyesha kwamba mlango ukifunguka hubaki umesimama ndani ya fremu na kula nafasi, na ukihamishiwa nje ya fremu kwa bawaba ndefu, zinarudi sentimita nne.

Mshauri wa wanafunzi wa chuo hicho alitusikiliza. Tulimpa barua fupi iliyotaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inayosema wazi kuhusu elimu ya juu. Barua iliomba mambo matatu tu: chumba cha chini, mlango wa choo, na vipindi vyake visipangwe ghorofani. Barua ndefu tuliyoiandika mwanzo kwa chuo kingine, yenye kudai kila kitu, bado haijajibiwa.

Kwa wasioona, swali kubwa lilikuwa umbali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimetandazwa kwenye vilima vya Chimwaga, na ndaki zake, yaani vyuo vidogo vilivyomo ndani yake, ziko mbalimbali. Kijana anayetaka kusoma pale ajue mapema ndaki yake ni ipi na atalala upande gani, kisha njia hiyo aitembee kwa fimbo. Upepo wa Juni unavuma kwa nguvu pale juu kiasi cha kufunika sauti za magari, na mzee wetu aliwafundisha vijana kusikiliza ardhi kwa ncha ya fimbo: lami, changarawe, majani.

Gharama: gari na mafuta 240,000.

Julai 20, 2024. Matokeo, na kompyuta zisizosema

Matokeo yalitoka Julai 13. Kwa kozi nyingi Tume ya Vyuo Vikuu inataka angalau masomo mawili ya alama kuu (A hadi E) yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Saba kati ya wanane wa kidato cha sita wamevuka. Mmoja amepata alama kuu moja. Yeye tunamwelekeza stashahada, na akiimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi mlango wa shahada utamfungukia.

Kijana wa Bahi ana D nne za kidato cha nne, zinazotosha kuanza astashahada. Siku ya kwanza ya ushauri tulimtumia kaka yake kutafsiri. Tukauliza anataka kusoma nini, kaka akajibu ushonaji bila hata kumgeukia. Tukauliza tena, kaka akajibu tena. Mwalimu mmoja alisimamisha kikao. CHAVITA ikatutafutia mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania kwa 60,000 kwa siku, tukamlipa siku mbili. Dakika za mwanzo tu za kuzungumza mwenyewe, kijana alieleza kwamba anachora ramani za nyumba tangu darasa la sita, na akatoa daftari mfukoni. Anaomba upimaji ardhi. Msitumie ndugu kutafsiri maamuzi ya maisha ya mtu. Atafutwe mkalimani hata kama fedha ya kitu kingine itapungua.

Upande wa wasioona tuliweka NVDA kwenye kompyuta mbili. Ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na ina sauti ya Kiswahili. Matatizo yakafuatana.

Mwongozo wa udahili tuliokuwa nao ulikuwa nakala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na programu haisomi picha. Kompyuta ilikaa kimya. Tulipakua faili halisi, na sifa za kozi walizotaka tukaziandika upya kama maandishi ya kawaida, kisha mwalimu mmoja akazisoma na kuwarekodia sauti kwenye simu. Sauti hizo zimetumika kuliko kitu kingine chochote tulichoandaa.

Mfumo wa maombi wa chuo kimoja una vitufe visivyo na majina. Kijana wa Chemba alishuka ukurasa akisikia "kitufe, kitufe, kitufe", bila kujua kipi kinahifadhi na kipi kinafuta. Mfumo huohuo unamtoa mtu asipogusa kitu kwa dakika chache, na anayesikiliza neno kwa neno anachelewa. Alitolewa akiwa ukurasa wa mwisho. Sasa kila kijana anaandaa majibu yake yote kwanza kwenye faili moja, majina, namba za mtihani, anwani, kisha ananakili na kubandika. Vile vitufe tumevihesabu kwa mpangilio na kuvirekodi: cha tatu ni kuhifadhi. Zile herufi za picha zinazothibitisha kwamba wewe ni binadamu, mtu anamsomea. Nywila anaiandika mwenyewe, na hakuna mwingine anayeijua.

Familia ya kijana wa Chemba ilitaka aombe ualimu, kwa kuwa kila msomi asiyeona waliyemfahamu ni mwalimu. Yeye anataka sheria. Ameomba sheria, Dar es Salaam.

Gharama: mkalimani 120,000, ada za maombi ya vyuo 210,000.

Agosti 10, 2024. Maombi ya mkopo

Ada ya maombi ni 30,000 kwa kila mwombaji, hairudi. Fomu inajazwa mtandaoni, inaprintiwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha kurasa za saini zinaskaniwa na kupandishwa. Wale wa Ruvu ndio waliotutia wasiwasi, ila fomu zao za daktari na vyeti vilivyohakikiwa vilikuwa tayari vinawasubiri, wakabaki na saini tu.

Tumia steshenari moja kwa wote, na fungua kila faili kwenye skrini kabla ya kulituma. Tulikuta kurasa zimepinda, muhuri umekatwa nusu. Asiyeona hawezi kuliona hilo, na mwenye steshenari ana foleni.

Gharama: ada 210,000, steshenari na bando 134,000.

Septemba 14, 2024. Namba ya uthibitisho

Wote saba wamechaguliwa, wanne kwenye chuo zaidi ya kimoja. Aliyechaguliwa zaidi ya mara moja anatumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili athibitishe chuo kimoja. Kwa mmoja, ujumbe ulikwenda kwa mjomba aliyeko Morogoro, kwa sababu laini ilikuwa yake, na mjomba alikuwa shambani simu imezimika. Tulimpata kupitia jirani kabla ya muda kwisha. Kuanzia sasa kijana asiye na laini iliyosajiliwa kwa jina lake hajazi fomu mpaka aipate. Kwa wasioona, simu iwe na kisoma skrini kilichokwisha kuwashwa, maana ujumbe wa namna hii hautakiwi kupita kwa mtu wa tatu.

Novemba 23, 2024. Kuripoti, hesabu, na kundi lijalo

Saba wa shahada na wawili wa stashahada na astashahada, wote wako vyuoni.

Mlango wa choo wa Mpwapwa, kama tunavyouita sasa, ulihamishwa kabla binti hajaripoti. Fundi alilipwa 45,000 na chuo kikatoa bawaba. Binti alitutumia ujumbe wa sauti usiku ule wa kwanza. Alisema anaingia, anageuza kiti, anafunga kwa ndani.

Kijana wa sheria alikwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR, reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1. Daraja la kawaida ni 31,000, na mzee wetu alimsindikiza, akakaa naye wakijifunza njia ya bweni, maktaba na mgahawa kwa fimbo, kisha akarudi peke yake. Tiketi tatu, 93,000. Tulifikiri wiki ya kwanza chuo kingempa msindikizaji. Ofisi inayohusika ilikuwa bado inaandikisha wanafunzi, na bila mzee angekaa bwenini. Kwa kila asiyeona anayekwenda mkoa mwingine, nauli ya msindikizaji iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mikopo imetoka kwa sita. Mmoja wa vijana wenye ulemavu wa viungo hakupata. Ukurasa wake mmoja wa saini haukusomeka. Amekata rufaa, na chuo kimemruhusu kusajiliwa kwa sehemu ya ada iliyochangwa na waumini wa kijijini kwao. Fedha ya kujikimu, 10,000 kwa siku, ndiyo asiyokuwa nayo, na tunamchangia chakula mpaka jibu litoke. Kwa ajili yake tumebadili utaratibu: kila faili litakaguliwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Jumla ya matumizi, ukiacha chakula hicho, ni 1,462,000. Imetoka mifukoni mwetu, kwa wahitimu wa zamani wa shule za elimu maalumu, na kwa mfanyabiashara mmoja wa soko la Majengo. Tuliuliza pia kuhusu ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni ya biashara, haiwezi kulipa ada za maombi. Mzazi mwenye ulemavu aiombe kwa biashara yake.

Kundi la 2025 tayari lina majina kumi na mawili, yakiwemo ya Kondoa ambako mwaka huu hatukupata mtu. Vyeti vinaanza kuhakikiwa Januari. Waganga wakuu wa wilaya mbili wamekubali tupange Jumatano ya likizo fupi ya Pasaka, kabla ya mtihani na kabla ya JKT, na afisa ustawi wa Mpwapwa ameanza kuzungumza na wa tatu.